Shoka Halipikwi

Mpini wa shoka huvunjikia shingoni, sentimita chache chini ya chuma, kwa kuwa hapo ndipo uzito wa pigo hukutania, na hapo ndipo mti hugongwa mkataji anapokosea lengo. Katika Kasongo na Kabambare, mkoani Maniema, ajali hii ina msimu wake: Juni hadi Agosti, mvua zikiwa zimekatika, pori linapoangushwa na kuchomwa ili lipandwe mpunga, zao lililoletwa Maniema na waungwana kutoka pwani karne ya 19. Mpini ukikatika, mkononi hubaki fimbo, na ndani ya tundu la chuma hubaki kisiki kilichobana. Kukitoa ni kazi ya subira kwa mwenye tindo. Wiki hii mjini Kasongo ilionekana njia ya mkato, na safu hii, ambayo haijawahi kusifu njia ya mkato hata moja, haitaanza leo.

Kijana aliyeshuka kwenye pikipiki iliyotoka upande wa Kabambare alichukua shoka lake la dukani, jipya kiasi kwamba rangi nyekundu ya kiwandani ilikuwa haijabanduka, akalisokomeza kwenye babula, yaani jiko la mkaa, la mama muuza maandazi ili moto ule kisiki. Mama alimtazama, akatazama karai lake la mafuta, akasema: "Papa, shoka haliivi." Watu walicheka. Kijana naye alicheka, akaokota mfuniko wa sufuria, akapepea mkaa uwake zaidi. Mwishowe kisiki kiligeuka majivu na kumwagika chenyewe, na shoka lilipopoa na kufutwa masizi, makali yalikuwa na buluu inayong'aa kama shingo ya njiwa. Yupo hata aliyeisifia. Rangi hiyo ni cheti cha kifo.

Makali ya shoka la kiwandani ni chuma cha pua kilichopashwa moto mkali, kikapozwa ghafla, kisha kikapashwa tena kwa kiasi ili kiwe kigumu bila kumeguka. Ugumu huo huanza kupungua joto linapopita nyuzijoto 200 na kitu. Buluu hujitokeza karibu na 300. Mkaa unaopepewa hupita 700 bila taabu. Shoka lililofika kwenye buluu limelegea. Likigonga mti mgumu, makali hupinda; likinolewa asubuhi, adhuhuri ni butu, na mwenyewe hulaumu duka. Mhunzi hodari anaweza kuurudisha ugumu huo, kwa malipo ambayo yangenunua mipini kadhaa.

Kosa hili chanzo chake ni wahunzi wenyewe, bila wao kutaka. Shoka la kienyeji halina tundu. Lina msuka, ncha nyembamba nyuma ya bapa, inayopenya kwenye kichwa kinene cha mpini. Mhunzi huupasha msuka hadi uwe mwekundu, akauchomeka, nao hujichomea njia ndani ya mti. Makali hukaa nje ya moto muda wote. Kila pigo huuzamisha msuka zaidi, ndiyo maana shoka hilo halilegei, na ndiyo maana siku moja kichwa cha mpini hupasuka. Vijana waliuona moto. Upande upi wa chuma ulioingia motoni hawakuuona.

Yapo mashoka yasiyo na taabu hiyo. Wasongye wa upande wa mto Lomami walifua mashoka ya heshima yenye vichwa vya watu vilivyochongwa kwenye chuma na mipini iliyovikwa shaba. Mengine yamo katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Mipini yake ni mizima mpaka leo, kwani haijawahi kukutana na gogo. Tomahoki la Wahindi Wekundu wa Marekani nalo hutiwa mpini kwa kuupitisha kutoka juu, kama sururu, bila kabari. Ukivunjika hugongwa ukatoka, mwingine ukaingia.

Shoka la dukani linadai zaidi. Kisiki hukatwa sawasawa na chuma, katikati yake hutobolewa ili kilegee, kisha hugongwa kutoka chini kwenda juu, upande ambao tundu ni pana. Mti wa mpini uwe mpera au mwingine mgumu, uliopasuliwa kwa kabari badala ya msumeno, ili nyuzi zake zifuate urefu wote. Mti mbichi haufai: hukaushwa kwanza juu ya moshi wa jikoni, maana ukinywea ndani ya tundu, chuma huruka, na anayesimama nyuma ya mkataji ndiye hukipokea.

Kichwa cha mpini huchongwa kidogo kidogo hadi kiingie kwa kubana, kisha hupasuliwa ufa wa kupokea kabari. Halafu mpini huinuliwa chuma kikining'inia chini, na kitako chake hupigwa nyundo ya mti. Hapo chuma hupanda chenyewe, kila pigo kikisogea unene wa ukucha, jambo linaloshangaza hata waliolizoea. Kabari kavu ya mti mgumu hukamilisha. Bwana Misumari, yule fundi ambaye kila kitu kwake hutengenezwa kwa msumari, hata viti, hapa huleta msumari, naye huupasua mpini kabla haujaonja kazi. Kulilaza shoka kwenye ndoo ya maji nako ni udanganyifu wa siku mbili: mti huvimba, hujiponda kwenye chuma, na ukikauka hucheza kuliko mwanzo.

Shoka likiwa tayari hujaribiwa kwenye gogo, kabari hugongwa tena, na kilichozidi hukatwa. Likiendelea kucheza, huvuliwa na kazi huanza upya. Anayeona hayo ni marefu, akodi mkataji mwenye shoka lake.