Si Kila Wimbo Hudai Funzo

Wapo walimu wa fasihi, na wengi wao ni rafiki zangu, ambao hawawezi kuusikiliza wimbo hadi mwisho bila ya kuuliza funzo lake. Mwanafunzi naye hutambua mapema kwamba swali hilo lina alama zake, kwa hivyo hulitolea jibu hata pale ambapo msanii mwenyewe hakuweka funzo lolote. Ningependa kuwaletea wasomaji kazi moja inayoikaidi desturi hii. Ni albamu ya kwanza ya bendi ya Velvet Underground ya New York, iliyotolewa Machi 1967 kwa ushirikiano na mwimbaji wa Kijerumani aliyejulikana kwa jina la Nico.

Kwa jina ni muziki wa roki, ila ni roki ya majaribio. Mchoraji Andy Warhol aliwafadhili, na ndizi aliyoiweka kwenye jalada yamkini inajulikana na wengi zaidi kuliko nyimbo kumi na moja zilizomo. Lou Reed, mtunzi mkuu, alisomea Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Syracuse, ambako alifundishwa na mshairi Delmore Schwartz. John Cale, mzaliwa wa Wales, alikuwa amesomea muziki wa kitaalamu wa Ulaya. Aliitia viola yake nyuzi za gitaa, ikawa inavuma sauti moja mfululizo kama mtambo uliosahauliwa kuzimwa. Maureen Tucker alipiga ngoma akiwa wima na kuyaepuka sana matoazi. Na hapa msomaji wa Kiafrika na atege sikio: miongoni mwa waliomwathiri, kwa njia ya santuri, ni Babatunde Olatunji, mpiga ngoma mashuhuri kutoka Nigeria. Muziki huu tunaoudhania kuwa wa mbali una mizizi huku kwetu.

Wimbo wa pili ndio unaonishughulisha kama mwanaisimu. Kijana Mzungu amesimama kwenye njia panda mtaani Harlem, dola 26 mkononi, akimsubiri muuza heroini. Wenyeji wanamuuliza amefuata nini kwao. Muuzaji amechelewa, kama ilivyo ada yake. Hatimaye anafika, wanapanda ngazi, shughuli inakamilika, na kesho mambo ni yale yale. Basi. Hakuna anayekufa wala anayetubu. Hakuna mzee wa busara anayejitokeza mwishoni. Kitenzi kinachoubeba wimbo mzima ni kusubiri, nacho kiko katika hali ya kuendelea. Piano inagongwa pale pale, mpigo juu ya mpigo, hadi msikilizaji naye anaonja uchovu wa kusimama barabarani.

Waswahili wa Mombasa humwita mtu wa aina hii teja, na sikio haliwezi kulitenga neno hilo na mteja. Ni neno lenye maarifa makubwa. Anayelitamka, apende asipende, anakiri kwamba mbele yake yupo mnunuzi, na palipo na mnunuzi pana muuzaji, pana bei, na pana yule anayengojwa na yule anayengoja. Wimbo wa Reed unasema hayo hayo kwa Kiingereza cha maneno mafupi, yale yanayotumika dukani na kwenye kituo cha basi. Mhubiri angemwita kijana huyo mpotevu, na papo hapo biashara nzima ingetoweka machoni petu.

Najua kuna mzazi atakayesema kwamba nyimbo kama hizi zitawafunza watoto kutumia unga. Hofu hiyo haifai kudharauliwa. Lakini na ausikilize wimbo wa saba, ambao umepewa jina la dawa yenyewe. Kwa zaidi ya dakika saba, gitaa linazunguka kwenye kodi mbili tu, kasi ikipanda na kushuka kama pumzi ya mtumiaji, huku viola ikipiga kelele kwa namna inayochukiza masikio. Mahali fulani ngoma inanyamaza kwa sababu Tucker hakuweza kuwasikia wenzake. Hawakurudia, wakaiacha hivyo hivyo. Anayesikia hapo sifa za heroini ana masikio tofauti na yangu. Anachopewa msikilizaji ni raha na maangamizi katika sauti moja. Ukimficha kijana ile raha, hatakuamini utakapomweleza maangamizi.

Vituo vya redio viliikwepa albamu hii na mauzo yakawa hafifu. Mwaka 2006 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha ya rekodi zinazohifadhiwa kwa ajili ya taifa.

Sasa tutazame insha zetu. Mtoto anayekaa Mathare au Korogocho akitakiwa kueleza asubuhi mtaani kwao, huandika kwamba ndege walitumbuiza matawini na jua likachomoza kwa madaha. Ndege gani? Matawi yapi? Asubuhi yake ina foleni ya mitungi penye bomba la maji, ina jirani aliyerudi alfajiri akipepesuka, ina karani wa kodi mlangoni. Hayo hayaandiki, kwa kuwa amefunzwa kwamba Kiswahili sanifu hakiingii huko. Huo ni uzushi. Sarufi yetu, pamoja na ngeli zake zote, inao uwezo kamili wa kueleza foleni ya maji bila kuipamba wala kuilaani.

Basi mwalimu mwenzangu, muhula ujao jaribu zoezi moja. Waambie wanafunzi waandike kuhusu mtu mmoja wa mtaani kwao anayesubiri kitu: anasimama wapi, ameshika nini, anaulizwa nini na wapita njia. Uwakataze kutumia methali. Uwakataze pia aya ya mwisho yenye mafunzo. Halafu, utakapokuwa ukisahihisha, izuie kalamu nyekundu isiandike pembeni yale uliyowakataza wao kuyaandika.