Chuma Nacho Huchoka

Usiku wa Januari 16, 1943, meli ya mafuta iitwayo Schenectady ilikuwa imetia nanga gatini Portland, Marekani. Ilikuwa mpya, haijatimiza hata mwezi tangu ikamilishwe. Maji yalikuwa shwari. Ghafla ukasikika mlio kama wa mzinga, meli ikavunjika katikati!

Je msomaji, meli mpya itavunjikaje pasipo dhoruba? Wengi waliwanyoshea kidole waliochomelea mabamba yake, maana meli za awali ziliunganishwa kwa ribiti. Ni kweli kasoro za kuchomelea zilikuwepo. Lakini Bi Constance Tipper wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, aliyezichunguza meli za aina hii zilizopasuka wakati wa vita, alionyesha kuwa kiini kilikuwa chuma chenyewe. Kikiwa na joto hupinda na kunyumbuka kabla ya kukatika. Kikipoa kupita kiwango fulani, huvunjika kama chungu. Usiku ule hewa ilikuwa takribani nyuzi 3 chini ya sifuri.

Hapo ndipo kuchomelea kunapoingia. Kwenye meli ya ribiti, ufa hufika ukingoni mwa bamba ukakwama. Zikichomelewa, mabamba yote huwa kitu kimoja na ufa hupita moja kwa moja.

Usidhani basi kwamba sisi wa nchi za joto tumeponea. Kuna chuma duni ambacho huwa chepesi kuvunjika hata katika hali ya hewa ya kawaida. Tena kuna miaka ya kazi. Machi 27, 1980, hoteli iliyoelea ya wafanyakazi wa mafuta, Alexander Kielland, ilipinduka katika Bahari ya Kaskazini. Kati ya watu 212 waliokuwemo, 123 walifariki. Ufa ulianzia penye kiungo kidogo kilichochomelewa ili kushikilia chombo tu! Mawimbi yalivuta na kusukuma kwa miaka, ufa ukatambaa polepole, mpaka mhimili ukakatika.

Matatu iliyochomelewa chasisi hupigwa vivyo hivyo na kila shimo la barabarani. Rangi mpya huficha mengi. Mwenye gari na aangalie kandokando ya kiungo: mstari mwembamba wa kutu unaochungulia kwenye rangi mara nyingi ni ufa, na kuuziba kwa kuchomelea juu juu hakuuondoi.