Udongo wa Embu Usizikwe Bwawani

Mvua za masika zinapoanza kupiga, mwanafunzi wa Embu anaweza kusimama kando ya mto Rupingazi akajipatia somo zima la jiografia bila kufungua kitabu. Maji yale mekundu ni mashamba yanayosafiri. Rupingazi huingia katika mto Thiba, naye Thiba hutua mzigo huo katika bwawa la Kamburu.

Kamburu, lililokamilika mwaka 1974, ni moja kati ya mabwawa matano yaliyojengwa kwenye mto Tana, kuanzia Kindaruma la mwaka 1968 hadi Kiambere la mwaka 1988. Masinga, la mwaka 1981, ndilo ghala la maji ya mengine yote. Tulidhani tumejipatia maziwa ya kudumu. Lakini tope likishatua chini huchukua nafasi ya maji, na kulizoa ni kazi ya gharama kubwa mno. Wengi wangali wanakumbuka ukame wa mwaka 1999 na 2000, maji yalipopungua na umeme ukatolewa kwa zamu. Tope silo lililoleta ukame ule, twakiri. Ila bwawa lililojaa tope huwa na akiba haba siku ukame unapobisha hodi.

Wenzetu wa Meru nao wasidhani wamesalimika. Kathita huungana na Tana chini ya mabwawa hayo, na udongo wake huwaendea wakazi wa nyanda za chini.

Mnamo Desemba 2022 Serikali ilitangaza azma ya kukuza miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Azma ni njema. Lakini ni miti gani, na itapandwa wapi? Mkaratusi ukingoni mwa mto hunywa maji yale yale tunayodai kuyalinda. Mwaka 2009 marehemu John Michuki, akiwa Waziri wa Mazingira, aliagiza iondolewe kando ya mito. Mkulima anayetafuta fedha za nguzo angali anaipenda, wala hatumlaumu iwapo hajaonyeshwa faida ya muringa, mianzi au mabingobingo kwenye kingo za matuta.

Walimu nao waachane na miche ya sherehe, inayopandwa mbele ya wageni na kuliwa na mbuzi kabla ya muhula kwisha. Shule iliyo mteremkoni na ianze uani mwake: maji yanayotiririka kutoka mapaani hupitia wapi, nayo huchimba nini njiani?