Kiasi Si Utulivu wa Mchezaji

Siku hizi neno "nidhamu" limepata walimu wapya. Vijana wetu wanaofanya biashara ya sarafu za kidijitali wanafundishwa kwamba siri ya faida ni kutawala hisia: usiogope bei ikishuka, usishangilie ikipanda, fuata mpango wako. Wengine wanathubutu kuliita jambo hilo kiasi, lile tunda la Roho analolitaja Paulo katika Wagalatia 5. Nasema hapana.

Sikatai kwamba hasira na hofu humtia mfanyabiashara hasara. Anayenunua kwa pupa hujuta, awe Kariakoo au kwenye simu. Lakini utulivu peke yake si wema. Mwizi hodari naye ana mkono usiotetemeka. Kiasi cha Maandiko hakiulizi tu kama moyo umetulia. Kinauliza moyo huo unatamani nini.

Tazameni yaliyotokea mwaka 2022. Mwanzoni mwa Mei sarafu ya Luna iliuzwa kwa dola 80 hivi. Kabla mwezi haujafika nusu, ilikuwa chini ya senti moja. Waliotulia na kuishikilia walipoteza karibu vyote. Walioingiwa na hofu mapema wakauza, hao ndio waliookoa kitu. Novemba soko la FTX likafilisika, na mwaka 2024 mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, akahukumiwa kifungo cha miaka 25 kwa ulaghai. Fedha za wateja zilikuwa zimetumiwa bila wao kujua. Nidhamu ya mteja ingezuia nini hapo?

Hata hivyo mwalimu hakosi jibu: aliyepoteza hakuwa na nidhamu. Fundisho hili linamlinda mwalimu tu. Ukipata, amekufundisha vema; ukikosa, moyo wako ni dhaifu, basi lipia darasa jingine. Hivyo mshirika aliyekwisha kupoteza ada ya watoto anabebeshwa na aibu juu yake, naye ananyamaza hata nyumbani kwake.

Tena soko hili halifungwi, usiku wala Jumapili. Yapo masoko yanayomruhusu mtu kucheza kwa mkopo hadi mara 100 ya fedha aliyoweka. Bei ikisogea asilimia 1 tu upande usio wake, fedha yake yote imekwenda. Anayeamka saa nane za usiku kutazama bei hatawali hisia zake, anazitumikia.

Kiasi huanza kabla ya kuweka fedha. Fedha ya ada, ya kikundi na ya kodi ya nyumba isiingie humo. Mke au mume asiyejua, aambiwe kwanza. Na mtu asiyeweza kuzima simu siku moja ya ibada bila moyo kumwenda mbio hahitaji somo la utulivu, anahitaji kutoka. Nasi kanisani tumpokee bila kumcheka, maana wa kumwambia kwamba moyo wake ni dhaifu amekwisha kuwasikia vya kutosha.