Si pepo, ni kelele

Vijana wapendwa, mwenzenu mwenye usonji anapoziba masikio na kukimbia nje ya kanisa, wako wanaonong'ona kwamba ana pepo, na wengine kwamba hakulelewa. Maneno hayo ni ya uongo, tena yanajeruhi. Tayari mwaka 1943, huko Marekani, daktari Leo Kanner aliandika juu ya watoto wa namna hiyo waliotishwa na sauti kubwa. Sauti tuliyoizoea sisi, kwake yaweza kuwa maumivu ya kweli. Wala kumzoeza kwa nguvu si dawa.

Mtanijibu kwamba Zaburi ya 150 inataja matoazi. Ndiyo, lakini haitaji vipaza sauti vinavyotikisa madirisha. Tena, katika Marko 7:33, Yesu alimtenga kwanza yule kiziwi na makutano, ndipo akamponya.

Basi, punguzeni sauti. Mwekeeni nafasi karibu na mlango, mbali na vipaza sauti. Mwarifuni kabla ngoma hazijalia. Akivaa vizibo vya masikio, msimcheke. Akitoka, mwacheni atulie, arudi mwenyewe. Kwaya inayomfukuza ndugu yake kwa kelele haijamsifu Mungu bado.