Mzee huyu kavunja agano gani?

Wiki mbili zilizopita gazeti lilinituma Geita kufuatilia habari za wachimbaji wadogo. Wakati wa kurudi nikapitia kijijini kwetu, Shinyanga, kumsalimia baba mkubwa. Nilimkuta chini ya mwembe anasoma Biblia. Baada ya "mwangaluka" na habari za mjini, akaniambia siku hizi si mzee wa kanisa tena. Wamemvua.

Kosa lake? Mtoto.

Baba mkubwa ana watoto watano. Wote aliwapeleka mbele ya kanisa wakiwa wachanga, akaahidi kuwalea katika imani. Wa tatu, ambaye ni rika langu, alikwenda machimboni Rwamgasa kama vijana wengi wa Usukuma. Siku hizi kanisani haingii, kiunoni ana hirizi, na hashuki kwenye duara mpaka mfumu ampangie siku. Viongozi wakafungua Waraka kwa Tito, sura ya 1, unaotaka mzee wa kanisa awe na watoto waaminio. Wakasema agano limevunjika, mzee apumzike.

Sasa sikilizeni kichekesho. Mabati ya jengo jipya la kanisa yamenunuliwa kwa mchango wa kijana huyo huyo! Yaani fedha ya mtoto imeokoka, baba ndiye kapotea.

Hivi jamani, mzazi anaahidi nini siku ile? Nijuavyo mimi, anaahidi kufundisha, kuombea na kuonyesha mfano. Haahidi kwamba mtoto akifika miaka 25 atakuwa bado amekaa kwenye benchi la kanisa. Hakuna anayeweza kuweka sahihi kwa niaba ya mtu mzima mwenzake.

Watu hupenda kumtaja Eli, kuhani ambaye nyumba yake ilianguka kwa sababu ya wanawe. Sawa, lakini Eli alilaumiwa kwa kuwa alijua na hakuwazuia. Mbona hawamtaji Samweli? Soma kitabu kile kile, sura ya 8: wanawe wawili walikula rushwa kule Beer-sheba. Halafu soma sura ya 12: Samweli anasimama mbele ya taifa zima, anauliza nani amemdhulumu, na hakuna hata mmoja anayemnyooshea kidole.

Baba mkubwa naye alijaribiwa. Mwaka jana kijana alirudi na mbuzi mweusi. Mfumu kasema duara halitoi kitu mpaka baba mzazi amchinje kwenye kaburi la babu. Mzee akakataa. Kijana akafoka kwamba baba anamfungia riziki.

Msomaji wa mjini unaweza kucheka, lakini kwetu hilo ni neno la hatari. Shinyanga vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu tu. Na imani hizi za bahati ya dhahabu zilihusishwa na mauaji ya watu wenye ualbino, hadi Januari 2009 Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, akatangaza kufuta leseni za waganga wa jadi. Mzee alijua hayo yote, akakataa.

Lakini pia hakumfukuza. Alimpa pa kulala, asubuhi akampa uji, akamsindikiza hadi barabarani. Na kila jioni kwenye sala anawataja watoto wote watano kwa majina, huyo akiwa wa tatu kama alivyozaliwa. Nilikuwepo, nimesikia kwa masikio yangu.

Nikamuuliza kama haumii. Akasema, "Naumia sana, mwanangu. Lakini mimi niliahidi ya kwangu. Ya kwake atajibu mwenyewe."

Kama huyu ndiye kavunja agano, basi sijui aliyelitunza ni nani. Kanisa limrudishie uzee wake. Kama haliwezi, basi liwe na msimamo mmoja, lirudishe na mabati.

Au nakosea? Niambieni.