Petunia za barazani na ile chupa ya soda

Mama mmoja wa Bashay, Mbulu, ameniuliza swali lililonifanya niache mada niliyoandaa wiki hii. Petunia zake za barazani zinatobolewa matumba kabla hayajachanua. Mume wake ana dawa iliyobaki baada ya kupulizia vitunguu swaumu, wameihifadhi kwenye chupa ya soda. Je, apulizie maua?

Hapana, dada yangu. Watoto huchuma maua na kuyatia mdomoni. Na kabla ya maua, shughulikia hiyo chupa leo hii. Mtoto wa miaka 3 anajua kitu kimoja tu: chupa ya soda ina soda. Rudisheni dawa kwenye kopo lake lenye lebo, lifungiwe kwa kufuli, na chupa itobolewe isitumike tena. Ikitokea mtoto amekunywa, usimlazimishe kutapika, wala usipoteze muda kutafuta maziwa. Mkimbize kituo cha afya na kopo lenye lebo mkononi, ili waone ni dawa gani.

Sasa maua. Petunia ni ndugu wa nyanya, viazi mviringo na tumbaku, kwa hiyo adui zao ni wamoja. Tumba lenye tundu ni kazi ya kiwavi, mara nyingi yule yule anayetoboa nyanya, na mbaazi kule Hanang. Hula zaidi jioni na usiku. Toka na tochi, mtoe kwa mkono, mtumbukize kwenye maji ya sabuni. Wanangu wanaupenda mchezo huu kuliko katuni. Siwazuii, ila mikono inaoshwa kabla ya kulala.

Majani ya petunia hunata kwa asili, usishtuke. Yakijikunja ndipo uyageuze utafute vidukari kwa chini. Kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji kinatosha. Pulizia jioni, si jua kali, kisha rudia baada ya siku 4 au 5. Konokono wa masika mtegee kipande cha ubao kando ya chungu, asubuhi kiinue umkute chini yake. Majivu husaidia pia, lakini yakilowa kazi imekwisha. Kuku nao si wadudu, najua, ila wamenifukulia maua mengi kuliko wadudu wote. Ninginiza makopo.

Wanaoanza upya: mbegu ni ndogo kama vumbi, usizifukie. Zitandaze juu ya udongo laini uliolowa, maana zinahitaji mwanga ili ziote. Kwa baridi ya Mbulu ya Juni na Julai, ziotesheni ndani karibu na dirisha. Baadaye zipate jua saa 6 kwa siku, kwenye kopo lililotobolewa chini, na maua yaliyonyauka yakatwe ili mengine yaje.

Mama wa Bashay amenijibu jana. Kopo sasa liko stoo, chini ya kufuli, na baba alinuna siku nzima. Usiku wa kwanza yeye na watoto walikamata viwavi 11.